Kreti la Bia Si Kiti: Barua kwa Wapiga Dramu wa Kusini

Kwenu vijana mnaopiga muziki mzito, huo mnaouita metali, Mtwara, Mikindani, Masasi, Nachingwea na Lindi,

Shikamoo zenu nimezipokea hata kabla hamjazitoa. Marahaba. Mimi mzima, isipokuwa mgongo, na mgongo huo ndio umenikalisha leo kuandika.

Jumamosi iliyopita mjukuu wangu alinichukua kwa bodaboda hadi Shangani, hapa hapa Mtwara, kuwasikiliza wenzenu. Nikaambiwa kuna seti mpya. Kweli nikaiona: besi mbili, yaani ngoma kubwa za kupiga kwa mguu, tomu tano, zile ngoma za kati, matoazi manane yanang'aa kama masufuria ya harusi. Hela ya korosho ya baba imeingia humo, na mkopo juu yake. Sikukasirika. Kijana akivuna akanunua dramu badala ya kumaliza hela baa, mimi nampa mkono. Kisha kijana mwenyewe akapanda jukwaani, akavuta kreti la bia, akalikunjia kanga, akakaa. Magoti yamempita kiuno. Amepiga nyimbo tatu, ya nne akainuka ameshika nyonga kama mimi, na ana miaka 24. Watu wakashangilia. Mimi nikamwambia mjukuu twende nyumbani.

Wanangu, mmenunua matoazi manane mkakosa kiti?

Niwaeleze nilikotoka, maana wengi wenu mnadhani mzee huyu amezaliwa na dramu za Kizungu. Nimeanzia Newala na vinganga, zile ngoma ndogo zenye mguu uliochongoka tunaochomeka ardhini. Huna stuli pale. Unachuchumaa au unasimama, na ngoma inakufuata ulivyo. Ukiona sauti imelegea kwa unyevu unawasha majani makavu, unaipasha kidogo, ngozi inakaza, unarudi mchezoni. Kifaa kilikuwa kinatoka porini, kinaujua mwili wako, na kikipasuka unamtafuta paa mwingine.

Mwaka 1974 nikachukuliwa na bendi ya dansi hapa Mtwara. Enzi hizo bendi ilikuwa ya shirika, na vyombo vya shirika, hata vijiti mkononi vya shirika. Nilikuta besi moja, snea, ile ngoma fupi ya mbele yenye waya chini, tomu moja, haihati, yale matoazi mawili ya kubana kwa mguu, na toazi lenye ufa. Stuli ilikuja na seti, ila mkubwa mmoja aliipenda, ikapelekwa ofisini, ikakaliwa na karani wake. Nikapewa kreti la bia, la mbao. Nikalikalia miaka kumi na moja.

Hesabuni wenyewe: usiku minne kwa wiki, kuanzia saa tatu hadi saa nane, kwenye mbao yenye msumari unaochomoza kila bendi ikisafiri. Kreti moja lilikuwa fupi, mapaja yananielekea kifuani, na kila nikikanyaga pedali ya besi nguvu inatoka kiunoni badala ya kifundoni. Nikabebanisha mawili. Sasa nikawa juu kama mwadhini, mguu unaelea, kisigino hakijui sakafu iko wapi. Nikarudi kwenye moja. Nilikuwa kijana, maumivu yalikuwa yanaisha asubuhi. Baadaye yakawa yanaisha mchana. Baadaye hayakuisha. Daktari alinionyesha picha ya mifupa: pingili mbili za chini zimebanana hadi hazina nafasi. Akaniuliza kama nilikuwa mpagazi bandarini.

Aliyeniokoa ni fundi wa kuchomelea. Alichukua skrubu ya jeki ya lori, akaweka miguu mitatu ya nondo, seremala akatia kibao cha mninga, mke wangu akashona mto wa sufi. Unaizungusha inapanda, unaizungusha inashuka. Ilikuwa nzito kiasi kwamba kwenye pantoni ya Ndundu, Mto Rufiji, kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, tuliwahi kutozwa nauli ya mzigo kwa stuli peke yake. Besi ikapita bure!

Sasa sikilizeni namna ya kuipima. Kaa, mguu juu ya pedali. Nyonga ziwe juu kidogo kuliko magoti, mapaja yateremke kama paa la nyumba lenye mteremko mdogo. Ukiona magoti yamekuwa juu ya nyonga, pandisha. Ukiona unanyoosha vidole kuitafuta pedali, shusha. Mgongo usimame wenyewe bila kuusukuma. Baada ya hapo ndipo usogeze snea, haihati na matoazi, vyote vije kwako. Kijana wa Jumamosi alifanya kinyume: ameyapanga matoazi kama alivyoyaona kwenye picha ya Mmarekani mwenye mikono mirefu, kisha akaufuatisha mwili wake huko huko juu. Kila akipiga toazi la kulia anainuka. Mpiga dramu hasimami kudaka toazi kama kipa.

Hili la picha linaniudhi kuliko kreti. Mnatazama seti ya mtu aliyepiga miaka thelathini mnataka kuanza na alichoishia, na hamwoni kwamba wengi wao wameikuza seti kisha wameipunguza. Historia yenyewe inaonyesha. Zamani besi ilikuwa kazi ya mtu wake peke yake. Mwaka 1909 William F. Ludwig na ndugu yake, kule Chicago, wakaanza kutengeneza pedali ya kuipiga kwa mguu, na hapo mtu mmoja akaweza kuketi akafanya kazi ya watatu. Angalieni neno hilo: kuketi. Besi mbili nazo si za muziki mzito kwa asili. Louie Bellson, mpiga jazi, alizichora akiwa bado mwanafunzi, mwishoni mwa miaka ya 1930. Waingereza wa roki, akina Ginger Baker na Keith Moon, walizichukua miaka ya 1960, na wazito wakazirithi kwao.

Lakini John Bonham wa Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, alikuwa na besi moja, kubwa, ya inchi 26, na mguu mmoja uliowafanya watu waape kuna miwili. Nicko McBrain aliingia Iron Maiden, bendi ya muziki mzito ya Uingereza, mwaka 1982 akakaa humo hadi 2024, miaka 42, muziki ule wa kukimbia farasi, na sifa yake kubwa ni pedali moja. Januari 2023 alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Akarudi jukwaani mwaka huo huo, na mapigo aliyoona mkono haufiki akayaacha akatafuta mengine. Mwezi Desemba 2024, kule São Paulo, akapiga mara ya mwisho na bendi hiyo na kuacha ziara. Ndipo ujue mtu anazeeka na dramu zake.

Na yuko Rick Allen wa Def Leppard, nao Waingereza. Tarehe 31 Desemba 1984 ajali ya gari ilimkata mkono wa kushoto. Mpiga dramu, mkono wa kushoto! Wakamtengenezea seti ya umeme yenye pedali za ziada, kazi ya mkono ikahamia mguuni, akajifunza upya, na mwaka 1986 akapanda jukwaa la tamasha la Donington, Uingereza, mbele ya umati. Kila nikimfikiria huyo nanyamaza kidogo. Vifaa vyake vilibadilika kwa sababu mwili wake ulibadilika. Vyenu vinabadilika kwa sababu jirani amenunua.

Nami nilipitia ugonjwa huo, siwafichi. Miaka ya themanini baharia mmoja aliniachia kanda, nikasikia besi mbili zinakimbizana, sikulala. Nikaunga pipa la mafuta na ngozi ya ng'ombe liwe besi ya pili. Pedali yake ilirudishwa na mpira wa ndani wa baiskeli. Ilipiga kelele kama punda na ilinichukua miezi kugundua kwamba mguu wangu wa kushoto haujui kuhesabu. Kosa halikuwa la pipa. Siku hizi mna pedali pacha: besi moja, miguu miwili, nusu ya mzigo kwenye basi. Anzeni na hiyo. Na kabla ya hiyo, kaeni mwaka mzima na pedali moja, polepole, na mtu wa kuwapigia makofi ya kuhesabu. Anayekimbia akiwa hajui kutembea huonekana anakimbia kwa muda mfupi sana.

Mengine nayapitia haraka.

Ngozi za plastiki zilienea kuanzia 1957, na zilishinda ngozi ya ndama kwa sababu unyevu hauzilegezi. Msizipashe motoni. Mwenzetu mmoja wa bendi, mtoto wa ngoma kama mimi, aliipasha snea ya shirika kwenye moto wa majani kwa mazoea mema kabisa, ikajikunja kama chapati. Alikatwa mshahara miezi miwili.

Toazi zuri ni shaba kiasi cha asilimia 80 na bati 20. Ni gumu na ni jepesi kuvunjika. Lipige kwa kufagia pembeni, usilishindilie kama unapasua nazi, na usikaze nati ya juu hadi lisicheze. Likipata ufa toboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee. Letu lilipelekwa kuchomelewa, likarudi na sauti ya sufuria ya ubwabwa.

Chumvi ya bahari: futeni vyuma kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, tieni mafuta kidogo kwenye skrubu. Mikindani chuma hakisubiri mwaka.

Masikio: kelele ya desibeli 100, ambayo ninyi mnaivuka mkiwa bado mnajaribu vyombo, mtu anashauriwa asiikae zaidi ya robo saa bila kinga. Nunueni vizibo. Nina mlio kama nyenje sikio la kushoto tangu kabla hamjazaliwa, hata sasa ninapoandika upo.

Zulia chini ya seti, besi isikimbie.

Ninyi wakubwa mnaosoma barua ya watoto, nanyi nina neno. Huku kusini kijana akitaka ngozi moja ya snea anaagiza Dar es Salaam, inakuja kwenye buti la basi, ikifika si ya inchi aliyotaka. Atajifunzia wapi? Tulikuwa na kumbi, leo zimejaa magunia. Bendi yetu ilipovunjwa, shirika lilichukua vyombo vyote kwa lori mchana mmoja, tukabaki wanamuziki kumi na wawili tumesimama barabarani mikono mitupu, watu waliopiga miaka kumi na zaidi bila kumiliki hata kijiti. Sikupewa hata kreti. Ndiyo maana kijana anapouza korosho akanunua seti yake mwenyewe sitaki kumcheka. Anamiliki. Hilo sisi hatukulipata, na wazazi wanaosema mtoto amechezea hela wangekumbuka ni nyumba ngapi mjini hapa zimejengwa na hela ya korosho zikaishia kwenye msingi.

Kwa hiyo, kijana wa Jumamosi, hukunikosea. Una mkono mzuri, snea yako inaongea, na ulipokosea uliendelea bila kuwatazama wenzako kwa lawama, hilo halifundishwi. Tomu tatu kati ya zile tano ziache nyumbani mwaka huu. Matoazi yabaki matatu. Besi moja umpe mwenzako wa Masasi aanzie. Huo mzigo utakaopungua ndio nauli ya kwenda kupiga Lindi.

Jumamosi ile, mlipokuwa mnafungasha, kreti lako nililichukua mimi. Mjukuu alilifunga nyuma ya bodaboda, na mimi nikakaa katikati. Lipo barazani kwangu limejaa maembe. Mwenye duka akidai kreti lake mwambie aje kwa mzee wa dramu. Wewe njoo Jumapili asubuhi, uje na viatu unavyopigia, maana stuli inapimwa mtu akiwa na viatu vyake. Skrubu ya jeki nimeshaipata, miguu fundi anaikata Alhamisi. Mto utashona mwenyewe.

Ni mimi mzee wenu wa Chikongola.