Mtoto akishikwa na degedege, mtu mmoja aangalie saa

Mhariri,

Salamu. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nizungumzie hii kitu ya degedege, maana huku kwetu Muheza masika yakishapita tu ndo homa za watoto zinapanda, na kila mwaka naona mambo yale yale, watu wanachanganyikiwa pale panapohitaji utulivu halafu wanatulia pale walipotakiwa wakimbie.

Mtoto ana homa, ghafla macho yanageuka juu, mwili unakakamaa, mikono na miguu inarushwa, povu linamtoka. Inatisha kweli, sibishi, mama yeyote akili inaruka. Ila angalia kinachofuata pale uani: mmoja kaleta kijiko anakilazimisha katikati ya meno, mwingine kammwagia ndoo nzima ya maji ya baridi, mwingine kambana mikono asitikisike, bibi anasema ni shetani kapita juu ya nyumba kama ndege kwa hiyo kitafutwe kinyesi cha tembo afukizwe, na wapo wanaomkojolea mtoto kabisa. Watu kumi wamejaa pale na hakuna hata mmoja aliyeangalia saa.

Na saa ndo kitu cha kwanza jamani. Degedege la homa kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 mara nyingi linaisha lenyewe ndani ya dakika chache. Mpaka ni dakika 5. Kabla ya hapo kazi yako ni kumlaza ubavu ili mate na matapishi yatoke, sogeza jiko na vitu vigumu, legeza nguo shingoni, na usimtie kitu chochote mdomoni, si kijiko, si kidole, si dawa, si maji. Ulimi haumezwi, tuache kuogopa hilo, ila jino linavunjika kweli na mtoto anapaliwa kweli. Zikipita dakika 5 bado linaendelea, au limeisha likarudi kabla mtoto hajazinduka, hapo ni dharura, toka naye hivyo hivyo, usingoje baba mtu arudi wala nauli itafutwe nyumba ya tatu.

Likiisha mapema bado unampeleka, hata kama ni usiku, sababu huku kwetu nyuma ya homa huwa kuna malaria, na malaria ikipanda kichwani nayo inaanza na degedege hivyo hivyo, kwa macho huwezi kutofautisha. Lakini unampeleka ukiwa na akili yako, umebeba kadi ya kliniki, unajua limeanza saa ngapi na limekaa dakika ngapi, manake nesi atakuuliza hilo na wengi wanajibu tu "muda mrefu sana" hata kama ilikuwa dakika moja. Na sio kupakiana mishikaki kwenye bodaboda, mtoto kichwa kinaning'inia, dereva anakata kona kama anafukuzwa.

Kuna lingine linaniuma sana, haya maneno kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Naelewa yalikotoka, mtoto anazungushwa kwa waganga siku mbili, anafika hospitali hajitambui, anachomwa, anafariki, basi lawama inabaki kwenye sindano. Sasa watu wajue sindano ya artesunate ya malaria kali ilipimwa kwa watoto zaidi ya 5,000 katika nchi 9 za Afrika, majibu yakatoka 2010, vifo vikapungua kwa zaidi ya moja ya tano ukilinganisha na kwinini, na baadhi ya watoto hao walitibiwa hapa hapa Muheza na Korogwe. Yaani ushahidi umetoka kwa watoto wetu wenyewe halafu sisi ndo tunaikimbia hiyo sindano.

Ila ninachokiogopa zaidi ya degedege ni mtoto aliyenyamaza. Huyu hakusanyi majirani. Hatikisiki, halii, amelegea tu mgongoni kwa mama na watu wanasema muacheni apumzike, homa imemchosha. Asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu unachompa, anayesinzia ukimwamsha haamki vizuri, aliyepauka viganja na midomo, huyo hasubiri asubuhi. Na pumzi zihesabiwe akiwa ametulia, dakika nzima kwa saa ya simu: mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akifika 50, au wa mwaka mmoja mpaka miaka 5 akifika 40, hiyo inaweza kuwa nimonia, apelekwe siku hiyo hiyo, na kama kifua kinabonyea ndani chini ya mbavu kila anapovuta hewa basi usikae hata kidogo. Mwenye homa lakini anacheza, ananyonya, anakutazama, huyo apelekwe akapimwe malaria mapema, ndani ya siku moja, ila hakuna haja ya kuamsha mtaa saa nane usiku.

Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya malaria ya 2023 liliitaja Tanzania katika nchi nne zenye zaidi ya nusu ya vifo vyote vya malaria duniani, na Afrika karibu vifo 8 katika kila 10 ni vya watoto chini ya miaka 5. Kwa hiyo hizi dalili sio za kuachiwa wauguzi peke yao.

Ombi langu, mhariri, mzichape kwenye ukurasa wenu wa afya kwa maandishi makubwa, mtu akate abandike nyuma ya mlango. Zahanati nazo siku ya kliniki, kabla ya kupima uzito, wachukue dakika kumi waonyeshe kwa vitendo mtoto analazwaje ubavu na pumzi zinahesabiwaje, na wasiite mama peke yake. Bibi aitwe, maana usiku mlango wake ndo unaogongwa kwanza, na vijana wa bodaboda wa kijiwe cha karibu waitwe pia.

Msomaji wenu,
Muheza, Tanga