Zile si nguo zilizoanikwa tu

Mhariri, salaam. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni.

Binamu yangu hapa Tanga kachukua chumba cha marehemu bibi yetu kakigeuza sanaa, wenyewe wanaita instalesheni, yaani hatundiki picha ukutani, chumba kizima ndo picha na wewe unaingia ndani. Kanga za bibi kazitandaza kwenye kamba ukuta hadi ukuta, mbuzi ya kukunia nazi iko pale mlangoni, na kwenye kona kaweka ngoma kuukuu, ndani kaficha simu yenye sauti ya bibi akitutolea hadithi ya yule binti aliyesahau simbi yake pwani, zimwi likamtia kwenye ngoma likawa linazunguka naye vijijini aimbe lipewe chakula, mpaka lilipofika kwao mama mtu akaijua sauti ya mwanawe.

Shangazi kuingia tu akacheka, "sanaa gani hii, nguo zimeanikwa!" Mara ngoma ikaita Paukwa! Akaitika Pakawa kabla hajajua anamwitikia nani, akakaa kwenye mkeka kimya. Alipoinuka akashika pindo la kanga moja, ndo akaanza kutusahihisha, kanga ile mnayosema ya harusi si ya harusi, mama aliinunua kumjibu wifi yake, someni jina lake: "Mdhaniaye siye kumbe ndiye". Huo ugomvi hakuna mjukuu aliyewahi kuusikia, na kanga tumeiona miaka yote!

Sasa binamu kaenda ofisi moja kuomba ukumbi, kaambiwa alete picha zenye fremu, hayo mengine mambo ya Wazungu. Ya Wazungu vipi jamani? Msanii Lubaina Himid kazaliwa Zanzibar 1954, mwaka 2004 alisimamisha ukumbini watu 100 wa mbao aliowachora mwenyewe, na sauti zinakutajia majina yao ya asili na yale waliyobandikwa utumwani, halafu 2017 akachukua Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa huko Uingereza. Na kanga zimo kwenye kazi zake, tena zenye maneno.

Wenye kumbi, tunaomba chumba kimoja hata kama ni stoo, wiki mbili tu, ila msituwekee vioo na ile karatasi ya "usiguse", maana shangazi asingeshika lile pindo asingekumbuka kitu. Umeme wa kuchaji simu ya kwenye ngoma tutalipa wenyewe.

Mjukuu, Tanga