Redio zetu zitupigie albamu nzima

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nitoe ombi kwa vituo vyetu vya redio: vitenge saa moja kwa wiki ya kupiga albamu nzima, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, bila mtangazaji kuzungumza juu ya nyimbo.

Ombi hili limetokana na mazoea ya miaka mitatu. Sisi ni watu watano, wengi wetu wastaafu, na kila Jumamosi baada ya sala ya Isha hukutana nyumbani kwangu Mji Mkongwe kusikiliza albamu moja ya zamani ya roki au pop. Simu huzimwa, santuri hupigwa upande wa kwanza wote pasipo mtu kusema neno, na inapogeuzwa ndipo kahawa inapomiminwa na mazungumzo yanapoanza. Mara nyingi kahawa hupoa vikombeni, maana upande mmoja wa dakika 20 unaweza kuzaa mjadala wa saa nzima.

Mwezi uliopita tulisikiliza A Night at the Opera, albamu ya kundi la Queen iliyotoka mwaka 1975. Kwa Mzanzibari albamu hii ina uzito wake, kwa kuwa mwimbaji wa kundi hilo, Freddie Mercury, alizaliwa hapa hapa tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964. Wageni huja Shangani kutazama picha zake katika nyumba ya makumbusho, nasi huwaonyesha njia. Lakini kati yetu watano ni mmoja tu aliyekuwa amewahi kuisikiliza albamu hii yote. Wengine tuliujua wimbo mmoja, Bohemian Rhapsody, tena kwa vipande.

Kuusikia wimbo huo mahali pake, karibu na mwisho wa upande wa pili, ni jambo jingine kabisa. Kabla yake umekwisha kupita katika The Prophet's Song, wimbo wa zaidi ya dakika 8 ambamo sauti ya Mercury inajifuata na kujijibu yenyewe kama mwangwi, kisha unayeyukia bila kukatika katika Love of My Life, wenye piano na kinubi. Halafu huja Good Company, ambamo mpiga gitaa wa kundi, Brian May, ameiga bendi ya jazi, tarumbeta na klarineti zake, kwa gitaa alilolitengeneza kwa mikono yake akisaidiana na baba yake. Bohemian Rhapsody inapofika, sikio limekwisha kuzoezwa, na yale matabaka ya sauti yanakuja kukamilisha kilichoanzwa nyimbo tatu nyuma.

Mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu aliyepiga fidla katika vikundi vya taarabu kwa miaka mingi, alishikilia kwamba katika sehemu ya kiopera ya wimbo huo ipo kwaya ya watu wasiopungua 30. Mwingine akamwambia, "Maalim, hao ni watu watatu tu." Ilibidi sindano irudishwe mara tatu. Kweli ni watatu, yaani Mercury, May na mpiga ngoma Roger Taylor, waliorekodi sauti zao moja juu ya nyingine mara nyingi, na ile sauti nyembamba ya juu kabisa ni ya mpiga ngoma. Maalim aliinamia spika, akafumba macho, akawa anainua kidole kila Taylor alipoingia. Mimi nimeusikia wimbo huo tangu ujana wangu, na sijawahi kuisikia sauti hiyo peke yake hadi nilipokifuata kidole cha Maalim.

Hatukubaliani kila mara. Graceland ya Paul Simon, ya mwaka 1986, ilitugawa: sote tulizipenda sauti za Ladysmith Black Mambazo, kundi la waimbaji wa Afrika Kusini, lakini mmoja wetu hakuridhia hata kidogo mwimbaji huyo kwenda kurekodi Johannesburg wakati wa vikwazo vya utamaduni dhidi ya serikali ya makaburu.

Najua watakaosema kuwa redio haiwezi kupiga kitu kirefu. Hoja hiyo ni ya zamani. Bohemian Rhapsody yenyewe, yenye takriban dakika 6, ilidhaniwa kuwa ndefu mno kwa redio; mtangazaji Kenny Everett akaipiga mara kwa mara katika Capital Radio ya London, wasikilizaji wakaidai, nayo ikakaa kileleni mwa chati za Uingereza kwa wiki 9. Hapa kwetu, hivi karibuni, kituo kimoja kiliukata wimbo huo pale unapotulia na kubaki piano, ili kupisha tangazo la sabuni. Niliumia sana. Hakuna anayeghani utenzi akaziacha beti za mwisho.

Wiki ya kwanza ipigwe hiyo ya Queen. Ya pili iwe The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, ya mwaka 1973, inayoanza na kumalizika kwa mapigo ya moyo, jambo ambalo asikiaye wimbo mmoja mmoja hatalijua. Baada ya albamu, wasikilizaji wapewe robo saa ya kupiga simu na kubishana. Kituo kitakachokosa santuri kituone, tutaziazima zetu. Ile ya Queen ina mkwaruzo mdogo mwanzoni mwa upande wa kwanza, lakini sindano hairuki.

Mpenzi wa santuri,
Mji Mkongwe, Zanzibar