Shukrani kwa mhifadhi nyaraka aliyetusomea barua ya Jefferson

Wewe mhifadhi nyaraka uliyeitikia ombi letu la kusaidiwa kusoma barua ya Thomas Jefferson kwa John Adams, wote wawili marais wa zamani wa Marekani, ahsante sana. Hukutaka jina lako litajwe, ila kazi uliyofanya inastahili mashahidi.

Tulikuwa na picha ya nakala aliyobaki nayo Jefferson. Tarehe imefifia, na mistari mingi haisomeki. Nakala za aina hiyo, alizoanza kuzitengeneza mwaka 1785, zilipatikana kwa kugandamiza karatasi nyembamba yenye unyevu juu ya wino mbichi. Wino ukapenya, maandishi yakasomwa upande wa pili. Maji yakizidi, herufi hutapakaa, yakipungua, hazishiki.

Ulianza na tarehe, ukaitafuta katika daftari ambamo Jefferson aliorodhesha barua alizoandika na alizopokea, tangu 1783 hadi 1826. Kisha, badala ya kung'ang'ana na nakala, ukaifuata barua yenyewe iliyomfikia Adams, kwenye nyaraka za familia yake zilizohifadhiwa Massachusetts Historical Society, Boston. Ukazilinganisha neno kwa neno. Palipobaki na shaka hukubahatisha, uliweka mabano ya mraba. Hayo mabano ndiyo yaliyotugusa zaidi, maana msomaji atakayefuata ataona wazi kipi ni cha Jefferson na kipi ni kisio letu.

Wenzetu mnaonakili barua za zamani, fanyeni hivyo hivyo, na kila mara andikeni mmesoma nakala ipi na imehifadhiwa wapi.