Kahawa Ileile, Ladha Mbili: Kwa Nini Tunaandika Tarehe ya Kukaanga

Mteja ananunua mfuko wa kahawa Jumamosi, anaipika jioni hiyohiyo, kisha anatupigia simu: mbona ni kali, na povu limezidi? Wiki ya pili anatuma ujumbe kwamba sasa imekuwa tamu, tumebadilisha nini? Hatujabadilisha chochote. Ni punje zilezile, kutoka kiwanda kilekile cha Nyeri. Kilichobadilika ni umri wake tangu ilipotoka kwenye mashine ya kukaangia.

Watu wengi wa Nairobi wamezoea kutafuta tarehe ya mwisho wa matumizi, kama kwenye pakiti ya maziwa. Kwa kahawa, tarehe hiyo haikusaidii sana. Itafute ile ya kukaangwa, na usiipoiona, muulize muuzaji.

Buni ikikaangwa, ndani yake hutengenezwa harufu na rangi, na pamoja nazo gesi ya kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo hujificha kwenye vitundu vidogo vya punje na kutoka polepole kwa siku nyingi. Ndiyo maana mifuko yetu ina vali: gesi itoke, hewa isiingie. Ukimimina maji ya moto juu ya kahawa iliyokaangwa jana, gesi hufumuka kwa kishindo na kuyasukuma maji yasipenye vizuri. Unapata kikombe chenye povu la kupendeza macho lakini ladha yake imekaa vipandevipande, utamu huku, ukali kule. Kwa hiyo kahawa iliyotoka mashineni sasa hivi si lazima iwe bora. Inahitaji kupumzika.

Ipumzike kwa muda gani? Inategemea ilivyokaangwa. Iliyokaangwa sana, ile nyeusi inayong'aa mafuta, ina vitundu vingi zaidi, hivyo hutoa gesi haraka na kuzeeka haraka. Siku mbili tatu zinaitosha. Iliyokaangwa kidogo hutaka wiki nzima, na kwa mashine ya espreso mimi huiacha hata siku kumi au zaidi. Ukiwa na haraka leo, mimina kwanza maji kidogo, yaloweshe tu unga, ungoje nusu dakika gesi itoke, ndipo umalizie.

Baada ya hapo oksijeni huanza kazi yake. Harufu za maua na matunda ndizo hutangulia kuondoka. Ladha ya chokoleti na karanga hudumu zaidi, kisha hata hiyo hufifia na mafuta ya kahawa huchacha. Unga uliosagwa hupita njia hii yote kwa kasi zaidi, kwa sababu hewa inaugusa kila upande. Kama kuna kitu kimoja ningependa kila mteja anunue, ni kinu kidogo cha mkono.

Sasa suala la ulimi wako. Kahawa nyingi ya Nyeri na Kirinyaga tunayouza ni ya aina za mibuni ziitwazo SL28 na SL34, zilizochaguliwa miaka ya 1930 katika maabara ya kilimo ya Scott, hapa karibu tu, Kabete. Dunia nzima huisifia SL28 kwa uchachu wake unaofanana na balungi au matunda meusi madogo. Lakini mtu aliyekulia kwenye chai ya maziwa akionja uchachu ule, hudhani kahawa imeharibika, na wapo walioturudishia mfuko. Haijaharibika, ndivyo ilivyo. Wala si kosa kutoipenda. Tuna mzee mmoja, mteja wa siku nyingi, ambaye huinunua na kuifungia kabatini wiki tatu kabla ya kuigusa, kwa kuwa uchachu ukishatulia ndipo inapokubaliana na maziwa yake. Binti yake anaitaka ikiwa na wiki moja, bila maziwa wala sukari. Wote wawili wanakunywa kahawa nzuri. Huko India, kwenye pwani ya Malabar, buni huachwa makusudi ipigwe na upepo wenye unyevu wa monsuni mpaka ivimbe na uchachu uishe, na ina wapenzi wake.

Kabla ya kuilaumu kahawa kwa uchachu, hata hivyo, angalia maji. Nairobi iko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ushauri wa kuyaacha maji yapoe kidogo kabla ya kumimina unamfaa aliye Mombasa. Hapa, mimina mara tu yanapochemka. Yakipoa, hayataweza kutoa utamu uliomo, na kinachobaki mdomoni ni uchachu mtupu. Saga laini kidogo pia, utaona tofauti.

Kuhusu kuhifadhi: kabati lenye giza, mbali na jiko, mfuko umefungwa vizuri. Friji unayofungua mara kwa mara huleta unyevu na harufu ya vitunguu. Friza inafaa, mradi uigawe kwenye vifurushi vidogo visivyopitisha hewa, na usikifungue kifurushi kabla hakijapoteza ubaridi.

Ukija dukani, tuambie unapikia nini, kama unaweka maziwa, na mfuko huchukua muda gani kuisha nyumbani kwako. Tutakuchagulia wa tarehe inayokufaa, na kama huna uhakika, chukua gramu 250 badala ya kilo. Na kama una mfuko wetu ambao haukukupendeza siku ya kwanza, usiutupe. Upike tena wiki ijayo kisha utuambie.