Maprofesa wetu wa udaktari wasisahaulike

Mhariri,

Mjukuu wangu anasomea udaktari hapa Mbeya. Juzi nilimtajia Profesa David Mwakyusa, akaniuliza ni nani. Iliniuma. Huyu ni mtoto wa Rungwe, profesa wa Muhimbili, daktari wa Mwalimu Nyerere hadi alipofariki London, Oktoba 14, 1999, na baadaye Waziri wa Afya.

Chuo cha udaktari Dar es Salaam kilianza 1963. Hapo alifundisha Profesa Philemon Sarungi, bingwa wa mifupa. Profesa Esther Mwaikambo, mwanamke wa kwanza Mtanzania kuwa daktari, alianzisha MEWATA, chama cha madaktari wanawake, mwaka 1987.

Nikiwa muuguzi nilifanya kazi na vijana waliofundishwa Muhimbili. Daktari mmoja, kabla ya kugusa faili, alimsalimia mgonjwa kwa Kinyakyusa, akamwuliza amelalaje. Kisha alikipasha kifaa cha kusikilizia mapigo kiganjani ndipo akiweke kifuani, maana baridi ya Tukuyu asubuhi, jamani! Adabu ile alifundishwa na mtu.

Naomba chuo cha afya cha Mbeya kiweke picha na wasifu wa walimu hawa wanapopita wanafunzi. Na wazee waliosoma kwao wahojiwe sasa, wangali hai.

Muuguzi mstaafu,
Tukuyu, Mbeya