Kwa Mkurugenzi Mkuu, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi: kisio nalo ni taarifa

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Mwezi uliopita mama alinipa simu yake nimfutie picha, imejaa. Kila nilipogusa, tangazo: dawa ya kushusha sukari, viatu vya miguu iliyokufa ganzi, kipimo cha kutoboa kidole kwa bei ya punguzo. Nikamtania, "Mama, hawa wauza dawa wanakutakia nini?" Akanyamaza. Kumbe ana kisukari tangu mwaka jana, na hakutaka sisi wanawe tujue.

Anaapa hajaandika popote. Namwamini, maana mkate wangu unatoka hukohuko: nachora ramani za mapendeleo ya watu mtandaoni kwa ajili ya watangazaji. Natengeneza jedwali, watu upande huu, kurasa na makundi upande ule. Aliyependa naweka moja, asiyependa sifuri. Kompyuta inawasogeza pamoja wanaofanana. Mama alitazama mapishi ya ugali wa dona, akaingia kundi la mboga za majani, akarudia mara mbili video ya kukanda nyayo. Wengi waliopita njia hiyo wameshajitaja wenyewe kuwa wana kisukari, basi naye anakisiwa kuwa nacho na kutiwa kapu lao. Jina lake halihitajiki, ndiyo maana huwa tunasema hatugusi taarifa za mtu. Hata mimi nimelisema hilo kikaoni, bila kupepesa macho.

Wala si uchawi mpya. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichukua "like" za watu zaidi ya 58,000 wa Facebook, na kwa hizo tu wakaweza kumtofautisha Mkristo na Mwislamu mara 82 kati ya 100.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inahesabu afya na imani kuwa taarifa nyeti. Sisi wa kazi hii tunaisoma kana kwamba inalinda kile tu mtu alichojaza kwenye fomu. Kisio hakulijaza yeye, tumelipika sisi, kwa hiyo tunaliona letu.

Naomba Tume itoe mwongozo, kwa Kiswahili chepesi, useme kwamba kisio la ugonjwa ni taarifa ya ugonjwa, liwe la kweli au la uongo. Na mtu akiuliza amewekwa kapu gani, aonyeshwe kapu lenyewe, asitupiwe kurasa kumi za sera ya faragha. Watangazaji watalalamika, bosi wangu akiwa wa kwanza. Wapenda kuku wa kienyeji wataendelea kuuziwa vifaranga, hapo sina ugomvi.

Mama siku hizi akifungua simu anageukia ukutani.

Wako,
Mchambuzi wa data, Dar es Salaam